Haki nayo huhitaji msemaji

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba uhusiano wa umma ni kazi ya kuzisafisha kampuni zenye madoa, na kwamba jambo la haki hujitangaza lenyewe. Sivyo.

Tazama Bustani ya Uhuru, Nairobi. Mwaka 1989 ulikuwepo mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa 60 la gazeti la Kenya Times. Wengi husimulia kwamba mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai aliuzuia kwa ujasiri tu. Ujasiri alikuwa nao, tena mwingi, lakini aliketi pia akaandika barua: kwa ofisi ya Rais, kwa gazeti la Kenya Times lenyewe, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa balozi wa Uingereza. Huyu balozi Maathai alimwekea mfano anaoufahamu: je, jengo kama hilo lingekubalika ndani ya bustani ya Hyde Park, London? Hapo ndipo ninapouona ustadi wake. Ukweli ni ule ule, ila kila msomaji aliupata kwa lugha inayomgusa.

Serikali ilimkejeli, na shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement, likafukuzwa ofisini mwake. Hata hivyo habari zilikwishavuka mipaka, wawekezaji wa nje wakajitoa, na ujenzi haukuendelea.

Ndiyo maana shirika dogo la maji au la haki za wafanyakazi linapomwajiri mtu wa mawasiliano, halifuji fedha za wahisani. Ni sehemu ya kazi yenyewe, mradi asemayo yawe kweli.