Komeo la Ndani Kabla ya Tiba

Katika kazi yangu ya unasihi na wanawake waliotumikia jeshi la Marekani na ambao sasa hawana makazi, niliacha zamani kuuliza, "Je, wewe ni mwanajeshi mstaafu?" Wengi hujibu hapana, ama kwa kuwa hawakupigana vitani, ama kwa kuwa jina hilo linawarudisha kwa aliyewabaka. Nauliza tu kama waliwahi kuvaa sare.

Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani huwauliza wote inaowatibu kuhusu ukatili wa kingono jeshini, na takriban mwanamke 1 kati ya 3 hukiri kwamba ulimpata. Uzito wa kiwewe hiki unatokana na mahali kilipozaliwa. Mtendaji mara nyingi ni askari mwenzake au mkubwa wake, na aliyetendewa, kwa kuwa hawezi kuacha kazi kesho yake, huendelea kula naye bwalo moja na pengine kumpigia saluti. Akitoka jeshini hutoka na majinamizi, sonona, na pombe anayoinywa ili apate usingizi. Kazi hupotea, ndoa huvunjika, na hatimaye kodi ya nyumba humshinda.

Sasa mpeleke kwenye makazi ya muda yenye vitanda vilivyopangwa safu, wanaume wakipita koridoni na taa zikizimwa kwa amri. Kwa aliyebakwa bwenini, hiyo ni kambi ileile. Nilimkuta mama mmoja akilala ameketi, mgongo ukutani, viatu miguuni, na katika jalada lake imeandikwa kwamba anakataa huduma. Hakuwa anakataa chochote. Alikuwa kwenye lindo. Tulimwombea chumba chenye komeo la ndani, na usiku wa tatu alivua viatu.

Wenye watoto wana shida yao. Mwaka 2011 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani iliripoti kwamba zaidi ya asilimia 60 ya programu za makazi ya mpito ilizozihoji, zilizokuwa zikihudumia wanawake hawa, hazikupokea watoto. Simlaumu mama anayechagua kulala garini na wanawe.

Tiba ipo na inafanya kazi. Ile ya kuchakata fikra, yaani mazungumzo na mtaalamu yanayomsaidia mtu kupima upya anavyokifikiria kilichompata, ambayo kwa kawaida huwa na vikao 12, ilibuniwa kwanza kwa ajili ya waliobakwa. Sikubaliani na wanaomtaka mgonjwa aache pombe kwanza ndipo apewe chumba, kwa maana pombe hiyo ndiyo inayomlaza.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawakuripoti wakati ule, hawana haki ya kutibiwa. Si kweli: matibabu ya madhara ya ukatili huo katika hospitali za idara ni ya bure, hayadai ripoti wala ushahidi, na kila mfumo wa hospitali hizo una mratibu wa huduma hii. Anayefika mapokezini aombe kuonana na mratibu huyo. Halazimiki kumsimulia karani kilichompata, na anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke.