Ditekta ikilowa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Maji peke yake si adui mkubwa wa saketi. Kuna viwanda vinavyosafisha bodi za saketi kwa maji safi baada ya kulehemu, kisha vikazikausha na kuzifunga kwenye vifaa, na vifaa hivyo vinafanya kazi miaka mingi. Kinachoua ditekta ya metali, yaani chombo cha kutafutia metali zilizofukiwa, ni mambo mawili yanayoingia pamoja na maji: umeme unaopita pasipotakiwa, na chumvi au madini yanayobaki pale maji yanapokauka. Ukiyashika hayo mawili, ushauri mwingi mbovu unaozunguka miongoni mwa watafutaji utautambua mwenyewe umekosea wapi.

“Imeandikwa haipitishi maji, basi naingia nayo popote”

Swali la kwanza ni: kipi hakipitishi maji? Katika ditekta nyingi za bei ya chini na za kati, maandishi hayo yanahusu koili peke yake, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi. Koili imefungwa ndani ya epoksi, aina ya gundi ngumu, inaweza kuzamishwa bila tatizo. Kisanduku chenye skrini, betri na spika hakijazibwa hivyo, na hata mvua nzito inaweza kukishinda. Mtu anaingia mtoni maji yakiwa magotini, anainama kuchimba, mpini unalala, kisanduku kinaingia majini. Hakuna aliyedanganywa hapo, maelezo tu hayakusomwa hadi mwisho.

Swali la pili ni la tarakimu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60529 ndicho kinachotoa zile alama zinazoanza na herufi IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Yenye 4 inavumilia matone yanayorushwa kutoka upande wowote. Yenye 5 inavumilia mkondo wa maji ya bomba. Yenye 7 imezamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30 ikatoka salama. Yenye 8 imepita jaribio gumu kuliko la 7, lakini kina na muda anavitaja mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo mashine mbili zenye alama ya IP68 zinaweza kuwa na uwezo tofauti kabisa. Tena tarakimu kubwa haibebi ndogo zote: kifaa kilichofaulu kuzamishwa si lazima kiwe kimejaribiwa kwa mkondo wa bomba, na wimbi linalokipiga kisanduku linafanana zaidi na mkondo kuliko na ndoo ya maji yaliyotulia.

Halafu, majaribio hayo hufanywa kwa kifaa kipya na maji baridi yasiyo na chumvi. Mchanga, oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) iliyozeeka, mfuniko wa betri uliofunguliwa mara mia: hivyo havimo kwenye alama.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache hulitaja, nami naona ndilo linaloeleza mashine nyingi zinazoingia maji “bila sababu”. Ditekta iliyoachwa juani au ndani ya gari lililofungwa hupata joto, na hewa iliyofungiwa ndani yake hupata joto vilevile. Ukiitumbukiza majini ghafla, hewa ile hunywea. Ikishuka kutoka nyuzi 50 hadi nyuzi 25 za Selsiasi, kanieneo ya ndani hupungua kwa karibu asilimia 8, na hiyo ni sawa na kuisukuma mashine takribani sentimita 80 zaidi chini ya maji, ingawa wewe unaiona iko juujuu tu. Oringi yenye chembe moja ya mchanga hapo haifui dafu. Iweke kivulini ipoe kwanza, ndipo uingie nayo.

“Ikitoka majini, iwashe haraka uone kama bado nzima”

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Maji yenye madini yanapitisha umeme. Ukiwasha, mkondo unapita kati ya njia mbili za shaba ambazo hazikutakiwa kugusana, na shaba ya upande chanya inaanza kuyeyuka na kuhamia upande hasi. Ndiyo maana bodi iliyolowa ikiwa imewashwa hukutwa na ukungu wa kijani na nyeupe kuzunguka miguu ya vipuri. Kazi hiyo haihitaji siku nyingi. Katika maji ya chumvi inaanza ndani ya dakika chache, na inaendelea hata swichi ikiwa imezimwa, kwa kuwa sehemu fulani za saketi bado zimeunganishwa na betri.

Kwa hiyo: zima, toa betri, kisha ndipo uwaze mengine. Usibonyeze vitufe kujaribu. Kama ni betri za kawaida za alkali na zimeanza kuvuja, ule weupe ni mabaki ya hidroksidi ya potasiamu. Vaa glavu, na vichuma vinavyogusana na betri vifute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha pamba yenye maji safi, kisha vikaushe.

Betri ya lithiamu iliyojengewa ndani inataka adabu zaidi. Usiichaji hadi uwe na hakika kwamba mashine imekauka kabisa, ndani na nje. Ikivimba, ikipata joto au ikitoa harufu, itoe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, na usijaribu kuifufua. Ditekta inanunulika tena.

“Izike kwenye mchele”

Mchele haunyonyi maji yaliyokwama ndani ya kisanduku kilichofungwa. Maji hayo lazima kwanza yageuke mvuke na kupata njia ya kutoka, na yakishapata njia, hewa kavu inayopita inatosha. Unachopata kwa uhakika ni vumbi la wanga linaloingia kwenye matundu na kugeuka uji. Januari 2024 kampuni ya Apple iliandika kwenye maelekezo yake kwamba simu iliyolowa isiwekwe kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu; maelekezo hayohayo yanakataza chanzo cha joto na hewa ya mgandamizo. Ditekta ni chombo kingine, ila saketi ni saketi.

Vipakiti vya silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, vina faida, lakini mwishoni, pale maji yanayoonekana yameshatoka na kilichobaki ni unyevu. Ditekta ikae ndani ya chombo chenye mfuniko pamoja na vipakiti vingi, si kimoja kilichookotwa kwenye boksi la viatu.

“Mashine ya kukaushia nywele inamaliza kazi”

Inamaliza mashine. Upepo wa moto unasukuma maji ndani zaidi, unalegeza gundi, unapinda plastiki na kuharibu mpira wa kuzuia maji. Jua kali juu ya skrini lina madhara yaleyale kwa mwendo wa polepole. Feni ya kawaida, hewa isiyo ya moto, mifuniko yote wazi, na kisanduku kimeelekezwa ili maji yateremke na kutoka: hivyo ndivyo inavyokaushwa. Ipe siku kadhaa, na kama hewa ya mahali ulipo ina unyevu mwingi, ongeza.

“Iliyoanguka baharini isiguswe na maji tena”

Inaonekana ni busara: imeshalowa, kwa nini uilowanishe zaidi? Lakini lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Ukikausha bila kuosha, maji yanaondoka na chumvi inabaki palepale, juu ya shaba na risasi ya kulehemu. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani. Bodi inaonekana kavu mchana, usiku inakuwa na utando wa maji ya chumvi, na ulaji wa metali unaendelea kimyakimya. Ditekta ya namna hii huwaka vizuri wiki ya kwanza, kisha kitufe kimoja kinagoma, kisha sauti inakatika, kisha basi.

Kwa nje, hakuna mjadala. Kila ukitoka baharini suuza koili, mpini na mashine yote iliyozibwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kumimina taratibu, si kwa bomba la msukumo mkubwa. Vua kava ya chini ya koili pia. Mchanga unaobaki humo huwa na chembe nyeusi za madini ya chuma, na huo ukiambatana na maji ya chumvi unatosha kuipa mashine wazimu hata ukiwa nchi kavu. Vichuma vya sehemu ya kuchajia vifute na uvikaushe kabla ya kuunganisha chaja. Chumvi pamoja na umeme wa chaja huvila haraka kuliko matumizi ya mwaka mzima.

Kwa ndani, kama maji ya bahari yameshaingia, suluhisho ni kufungua na kuosha. Mashine iliyo bado ndani ya dhamana usiifungue mwenyewe. Ipeleke kwa mtengenezaji au wakala wake mapema, na useme ukweli kwamba ni maji ya chumvi, maana fundi akijua hilo anaanza na kuosha. Ile isiyo na dhamana, kwa mtu mwenye mkono wa kazi hii, hutolewa betri, hufunguliwa, na bodi husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayoongezwa kwenye betri za magari (si asidi yake). Baadaye hupitishiwa brashi laini yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Alkoholi hiyo huchanganyika na maji na huchemka kwenye nyuzi 82 tu, hivyo inaondoka nayo. Ile ya asilimia 70 inayouzwa kwa kusafisha vidonda ina maji mengi mno kwa kazi hii. Iweke mbali na skrini, utando wa spika na plastiki angavu, na mbali kabisa na moto.

Na kama huwezi kufungua leo? Afadhali bodi ya maji ya chumvi ifike kwa fundi mapema hata ikiwa bado mbichi kuliko ifike baada ya wiki mbili, kavu na imeshaliwa.

“Imewaka, imepona”

Imewaka, basi. Ukungu ndani ya kioo cha skrini, vitufe vinavyojibonyeza, kina cha kutafuta kilichopungua, betri inayoisha upesi kuliko zamani: dalili moja tu kati ya hizo inatosha kuirudisha mezani.

“Ikipiga kelele ovyo ufukweni, maji yameingia”

Hapa nimeona watu wakifungua mashine nzima bila sababu. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, na kwa koili kitu kinachopitisha umeme ni kitu cha kuripotiwa. Ditekta zinazotumia masafa mamoja tu ya mawimbi ndizo zinazosumbuka zaidi pale kwenye mchanga uliolowa. Zile za masafa mengi kwa wakati mmoja, na zile za mapigo, zinazotuma umeme kwenye koili kwa vipindi vifupi vifupi, hustahimili vizuri zaidi. Kabla ya kulaumu maji, punguza usikivu, sawazisha upya na ardhi, kisha inua koili hewani, mbali na mchanga na mbali na nyaya za umeme. Kelele ikitulia, ni chumvi ya ufukweni.

Isipotulia, gonga koili kidogo kwa kiganja, ipinde huku na huku, tikisa waya pale unapoingia kwenye koili. Kelele ikifuata mkono wako, huenda koili ina ufa na maji yameingia, au waya umekatika kwa ndani. Waya nao si wa kudharauliwa: nyuzi zake nyembamba zinaweza kuvuta maji kutoka kwenye ufa na kuyapandisha kuelekea kwenye kisanduku, bila kisanduku chenyewe kugusa maji hata mara moja.

“Mfuko wa plastiki unatosha”

Kwa manyunyu, sawa. Kwa kuvuka mto, hapana. Na usiiache ditekta ndani ya mfuko huo baada ya kazi, maana unyevu na jasho lililonaswa humo litarudi kuwa matone juu ya kisanduku kikipoa.

“Mashine haipitishi maji, basi na hedifoni zake pia”

Hedifoni zilizomo kwenye boksi mara nyingi ni za nchi kavu. Kuchomeka hedifoni za kawaida kunaweza pia kuondoa kifuniko kilichokuwa kinaziba tundu. Zile zisizo na waya zina tatizo la pili: mawimbi yao ya redio ya gigahezi 2.4 hufa ndani ya sentimita chache za maji, kwa hiyo kisanduku kikizama, sauti inakatika hata kama hedifoni ziko kichwani, pakavu kabisa.

“Paka vaselini kila oringi”

Mafuta ya petroli huvimbisha na kudhoofisha baadhi ya aina za mpira. Grisi ya silikoni ndiyo inayotumika kwa oringi nyingi, isipokuwa zile zilizotengenezwa kwa mpira wa silikoni wenyewe, ambazo grisi hiyo inaweza kuzivimbisha. Kitabu cha mashine kitasema ni ipi. Vyovyote iwavyo, paka utando mwembamba unaong'aa tu. Grisi haizibi, kazi yake ni kuifanya oringi iteleze na kukaa sawasawa, na ikizidi inakamata mchanga. Kila ukifungua mfuniko wa betri, kausha mikono na pembezoni mwa mfuniko kwanza, futa mfereji wa oringi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tazama kama kuna unywele, chembe au mkato, kisha funga. Oringi iliyobapa au yenye ufa ibadilishwe, na mashine ikienda kuhifadhiwa kwa miezi, betri zinazotoka zikae nje ya mashine.