"Huyo amesharipotiwa" na dhana nyingine potofu kuhusu shakwe wenye pete

Kila msimu shakwe wakianza kurudi sehemu yao ya kupitishia baridi, na meseji nazo zinaanza kurudi. Mtu anatuma picha safi kabisa, pete ya rangi (ile ya plastiki yenye maandishi, ambayo watafiti humvisha ndege mguuni ili anayemuona awaripotie) inasomeka yote, halafu chini kaandika "huyu nilimuona pia wiki iliyopita na juzi, sikuandika maana tayari amesharipotiwa." Hii kauli naipata kwa wageni, naipata kwa wazoefu, naipata kwa watu wenye darubini nzuri kuliko yangu. Sasa naandika mara moja hapa, atakayeniambia tena namtumia hii asome.

Dhana: pete ikiripotiwa mara moja imetosha

Haijatosha hata kidogo, ndo kwanza kazi inaanza. Watu wengi wanaona utamu wa pete ni ile historia unayorudishiwa, kwamba huyu kavishwa pete akiwa kinda mahali fulani, mwaka fulani, kasafiri kilomita kadhaa, basi unafurahi, unawaonyesha wenzako, mwisho. Sikatai, historia ni tamu. Ila aliyemvisha pete hiyo historia anayo tayari, alikuwa na huyo ndege mkononi! Asichokijua ni kama bado yuko hai, na lingine asilolijua ni wewe na wenzako huwa mnapitwa na ndege wangapi mkiwa pale mnaangalia. Hayo mawili huyapati kwa kumuona ndege mara moja.

Twende taratibu. Shakwe kaonekana Novemba, Desemba hayupo kwenye listi, Januari hayupo, Februari huyo hapo amesimama. Si ina maana Desemba na Januari alikuwa hai, ila hakuna aliyemuona? Sasa chukua wengi wa aina hiyo. Tuseme shakwe 10 wenye pete walionekana Novemba na wote wakaonekana tena Februari, kwa hiyo tuna uhakika Desemba walikuwa hai, na tuchukulie hawakutoka hapo. Katika hao 10, Desemba mlisoma pete za 6 tu. Basi Desemba macho yenu yalikuwa yanapata 6 kwa kila 10. Kama mwezi huo mliorodhesha shakwe 30 wenye pete, walioko kweli ni kama 50. Hao 20 wengine hamkuwaona lakini mmeshajua kwamba wapo, na mmejua kwa sababu tu kuna mtu alijisumbua kuandika ndege "walewale" tena na tena.

Hesabu kamili ni ndefu kuliko hiyo, mwanatakwimu Cormack aliiandika 1964, wanatakwimu wenzake Jolly na Seber wakaja nayo 1965 kila mmoja kivyake, na mpaka leo ndo msingi wa kukadiria ndege wangapi wanavuka mwaka mmoja kuingia mwingine. Inakula kitu kimoja tu, nacho ni kumuona tena ndege yuleyule. Ukiandika siku ya kwanza halafu ukanyamaza msimu mzima, kwenye data huyo ndege kapita siku moja akapotea. Umemuua kwenye karatasi na yeye yuko mbele yako anajikuna kichwa.

Na bado kuna faida nyingine. Kundi la shakwe 300 leo na 300 wiki ijayo linaonekana ni kundi moja, lakini inawezekana nusu wameshaondoka na wageni wameingia, na kuhesabu vichwa peke yake hakutakuonyesha hilo hata uhesabu vizuri vipi. Pete ndo zinaonyesha nani kakaa miezi yote, nani alipumzika siku mbili akaendelea na safari, nani anarudi kila mwaka pale pale. Maana shakwe wengi wana tabia hiyo, wanarudi sehemu ileile ya baridi mwaka hadi mwaka, wengine hadi kipande kilekile cha ufukwe. Hiyo utaijuaje kama mwaka wa pili ulisema "aah, huyu namjua"?

Halafu kuna wale wanaosema wanaogopa kumchosha mwenye mradi. Jamani. Mtu kaamka usiku kavisha makinda pete kwenye matope na kinyesi, anasubiri taarifa, wewe unamhurumia asipate taarifa? Tuma. Kama umemuona siku tano andika siku tano, kila moja na tarehe yake, usiandike "nimemuona mara nyingi Desemba" maana hiyo haiingii popote.

Na hapa niongeze langu ambalo watu wangu wamelichoka: andika pia umekagua miguu ya shakwe wangapi. Siyo wangapi walikuwepo, wangapi uliwaona MIGUU. Umekagua 180, wenye pete wawili, andika hivyo. Umekagua 180, hakuna mwenye pete, andika hivyo pia, sifuri ni taarifa. Asiyeandika sifuri zake anaharibu kazi ya mwenzake anayeandika.

Dhana: nimeona herufi mbili kati ya nne, si wataotea zilizobaki?

Hawaotei, na wewe usiotee. Pete zingine ukikosea herufi moja unampata ndege mwingine kabisa aliyeko hai nchi nyingine, na hakuna atakayegundua kirahisi kwa sababu taarifa inaonekana sahihi. Bora ulete nusu iliyo ya kweli, uweke alama ya kuuliza pale ambapo hukuona, kuliko nzima ya kubuni.

Kusoma kwenyewe ni subira. Maandishi yanarudiwa kuzunguka pete ili yasomeke kila upande, lakini pete imejipinda, kwa hiyo ukiwa pembeni unapata kipande cha huku na kipande cha kule. Subiri ageuke. Kasimama mguu mmoja na wenye pete kauficha kwenye manyoya ya tumbo, subiri, atajinyoosha, na shakwe akinyoosha bawa huwa ananyoosha na mguu wa upande huohuo nyuma, hiyo ndo sekunde yako. Kalala, subiri anyanyuke. Matope yamekauka juu ya pete, subiri aingie majini atoke. Nyingi zinasomwa kutoka chini kwenda juu, na zinazochanganya ni zilezile kila siku: 8 na B, 5 na S, 0 na D, ndo maana miradi mingi imeondoa baadhi ya herufi kwenye orodha yake. Rangi ya pete andika, na rangi ya maandishi pia. Mguu wa kulia ni wa NDEGE, siyo wa kulia kwako ukimtazama usoni, hili nalo sijui nilisemeje tena. Taja pia kama pete iko juu au chini ya kile kiungo watu wanachokiita goti.

Na plastiki inapauka. Pete iliyokuwa njano kali miaka mingi iliyopita leo unaweza kuapa ni nyeupe, piga picha.

Dhana: pete ya chuma haina maana, haisomeki

Ndiyo ya kwanza hiyo! Mwalimu mmoja wa Denmark, Mortensen, mwaka 1899 alianza kuwavisha kwezi pete za aluminiamu zenye namba na anwani, na mambo yote haya yametokea hapo. Zamani ilibidi ndege ashikwe au afe ndo isomeke. Siku hizi kwa kamera ya lensi ndefu unapiga picha nyingi wakati ndege anatembea na kugeuka, nyumbani unaunganisha, picha hii inakupa tarakimu mbili, ile inakupa tatu, mpaka namba inakamilika. Na pete ya rangi inaweza kuvunjika ikadondoka, chuma kikabaki. Kwa hiyo ukiona shakwe ana chuma peke yake usimpite.

Dhana: pete inamtesa ndege

Pete inachaguliwa kwa saizi ya mguu wa aina husika, inalegea kidogo, inazunguka na kupanda na kushuka. Mguu pale chini ni mfupa, kano na ngozi ya magamba, hakuna nyama ya kubana. Makinda wanavishwa kabla hawajaruka, wakati mguu umeshakaribia unene wa ndege aliyekomaa. Wanaovisha wamefundishwa na wana kibali. Kuna shakwe waliozidi miaka 30 wakiwa na pete zao. Ajali hutokea mara chache, ukiona mguu umevimba au uzi wa kuvulia samaki umenasa kwenye pete ripoti haraka na picha, ila usimkimbize umvue mwenyewe.

Dhana: ile pete ina GPS

Haina. Ni plastiki. Haina betri, haitumi kitu, isiposomwa na mtu haisemi chochote. Vifaa vya GPS vipo na baadhi ya shakwe wanavaa, ila huwa mgongoni vimefungwa kwa mikanda, unaona na kaantena. Ni kitu kingine kabisa.

Dhana: wote hawa wanatoka sehemu moja

Kundi moja unaloliona limelala pamoja linaweza kuwa na ndege wa nchi tano. Shakwe wadogo wenye kichwa cheusi (baridi wanabaki na doa tu nyuma ya jicho, ndo maana watu hawawatambui) wanaokaa Uingereza kipindi hicho, wengi wanatoka ng'ambo, Ufini, Polandi, nchi za Baltiki. Na wale wenye mgongo mweusi wanaozaliana Ufini wapo wanaoshuka mpaka Ziwa Viktoria. Yule wa kahawia pembeni naye si lazima awe aina nyingine, shakwe wakubwa wanachukua kama miaka minne kupata manyoya ya utu uzima.

Dhana: warushe kidogo ili waonyeshe miguu

Yaani hapa huwa nanyamaza tu nisije nikamkosea mtu adabu. Ukiwarusha wanatumia nguvu walizokusanya kwa ajili ya baridi, wewe unakosa miguu yote, na aliyekuwa amekaa upande wa pili anasubiri tangu asubuhi naye anakosa. Kaa ndani ya gari, zima injini, gari wamelizoea kuliko mtu anayetembea.

Dhana: sikujibiwa, kwa hiyo walitupa

Wengi wanaoendesha hii miradi wanafanya kwa kujitolea baada ya kazi zao, jibu linaweza kuchukua miezi. Taarifa imeingia. Wewe endelea.

Dhana: akishakufa hana faida

Ana faida kubwa, maana huyo hana tena "labda hatukumuona". Usimshike kwa mikono mitupu, homa ya mafua ya ndege imeua shakwe wengi sana miaka ya karibuni, 2023 Ulaya wale wa kichwa cheusi walipigwa vibaya. Piga picha ya pete zote mbili, ya rangi na ya chuma, andika mahali na tarehe, sema kama mwili ni mbichi au umekauka, maana siku uliyomkuta siyo siku aliyokufa, na kama kuna dalili ya sababu, bawa limevunjika, mafuta, uzi, sema. Wakiwa wamekufa wengi pamoja wajulishe watu wa mifugo kwanza, pete baadaye.