Waache wakadirie kabla ya kukokotoa

Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kufaulu mtihani kwa kukariri fomula na bado asijue boriti inavyofanya kazi. Ndiyo maana darasani kwangu swali hutangulia fomula.

Chukua boriti ya mstatili iliyoegemezwa ncha zote mbili, yenye mzigo katikati. Kimo chake kikiongezwa mara mbili, upana ukibaki uleule, itapinda kwa kiasi gani ikilinganishwa na awali? Kila mmoja huandika jibu lake peke yake, kisha hujaribu kumshawishi jirani aliyeandika tofauti, halafu wote hujibu tena. Wengi huanza na nusu. Jibu ni thumuni, yaani moja ya nane, kwa sababu ugumu wa boriti hufuata kimo kikipigwa kipeo cha tatu. Nawauliza basi kuhusu mkazo, yaani nguvu ya ndani ya boriti kwa kila kipande cha eneo, na hapo wanaorukia thumuni tena hunaswa: mkazo hushuka hadi robo tu, maana wenyewe hupungua kwa kipeo cha pili cha kimo. Sasa fomula ikiandikwa ubaoni, inajibu ubishi ambao tayari umo vichwani mwao.

Utaratibu huu wa kubishana wawili wawili ulienezwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aliyeanza kuutumia mwaka 1991 baada ya kuona wanafunzi wake wanakokotoa vizuri huku maswali mepesi ya dhana yakiwashinda. Mwaka 2014, uchambuzi uliojumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ulionyesha kuwa wastani wa wanaofeli ni takriban asilimia 34 katika mihadhara ya kawaida, na 22 pale wanafunzi wanaposhirikishwa.

Sisemi wagundue kila kitu wenyewe. Anayeanza anahitaji kuona mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua, tena mingi. Kumtupia mradi mkubwa mapema ni kumchosha bure.

Kuna jambo linalowavunja moyo wahadhiri wengi: wanafunzi hulalamika. Utafiti uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kuwa waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, ila wao walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Ugumu wa kufikiri huonekana kama kutoelewa. Kwa hiyo, wiki ya kwanza ya muhula nawaeleza matokeo hayo waziwazi, nao huvumilia zaidi maswali yanapokuwa magumu.