"Huyu kasuka, hajachonga"

Nilikuwa nimekaa mkekani, Ngamiani hapa Tanga, msusi wangu nyuma kwenye kigoda. Nikamwonyesha picha za kazi za Sonya Clark, msanii wa Marekani ambaye wazazi wake walitoka visiwa vya Karibea. Akatazama, akaguna: "Huyu kasuka, hajachonga."

Kauli hiyo nimeisikia kwa wengi: sanamu ni mti, jiwe au shaba. Sivyo. Sanamu ni umbo, na umbo hutokana na chochote ambacho mkono unakimudu. Mwaka 2008 Clark alitengeneza sura ya Madam C. J. Walker, mwanamke mweusi aliyetajirika kwa kuuza dawa za nywele, kwa vitana vyeusi 3,840. Hakupaka rangi. Alivunja meno ya vitana, mwanga ukachora uso. Na lugha yetu imeshasema: nywele tunasuka, kamba tunasuka, ukili wa mkeka tunasuka. Mkono ni mmoja.

Wengine hudai kwamba msanii akishirikisha watu, kazi si yake tena. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ndilo linalowafuta wasusi. Huko Richmond, Virginia, Clark aliwapa wasusi 11 kichwa chake wamsuke, kila mmoja kwa mtindo wake, kisha akawapa turubai na nyuzi za hariri wasuke tena. Majina yao yakawekwa wazi pamoja na kazi. Mwaka 2014 kazi hiyo ikapata, kwa pamoja na kazi nyingine, tuzo kubwa ya majaji ya ArtPrize, shindano la sanaa la Marekani. Mwaka 2015 akasimama na watu, bega kwa bega, wakifumua uzi mmoja mmoja bendera ya majimbo ya kusini mwa Marekani yaliyopigana kuutetea utumwa. Peke yake isingekuwa na maana ile.

Na wanaosema kwamba aliyezaliwa ughaibuni hana asili? Clark aliwahi kuwaalika watu waandike dua zao, wazifunge ndani ya vifuko vya shanga. Mfano wake ni hirizi za Afrika. Mtu wa pwani haelezwi zaidi.

Msusi wangu alirudi kwenye twende kilioni yangu. Akapasua njia kwa mkia wa kitana, akawa anaokota nywele za pembeni kidogo kidogo, kila zamu akikaza, mpaka mstari ukainuka kama tuta la muhogo. Nikaupeleka mkono wake juu ya mstari ule, aupapase. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Hao kumi na mmoja, majina yao yameandikwa kweli?"