Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi: ngome ya Wachwezi?

Kusini mwa mto Katonga, wilayani Sembabule nchini Uganda, kuna mahandaki ya kale yenye urefu wa jumla unaozidi kilomita 10. Kwa miaka mingi yamesimuliwa kuwa ngome ya kijeshi ya Wachwezi, watawala wa kale wanaotajwa katika simulizi za jadi. Hoja huwa hivi: handaki refu limechimbwa, basi lazima palikuwa na vita. Hapo ndipo hoja inapoanza kulegea.

Tazama kwanza ukubwa. Mstari wa nje unazunguka eneo kubwa mno, na kuulinda wote kungehitaji watu wengi kila usiku. Ndani yake mna malisho, na mto wenye kinamasi uko upande mmoja. Kwa mfugaji, hayo ni maji, nyasi na kizuizi cha kuzuia ng'ombe wasitoroke wala kuibwa. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Merrick Posnansky mwaka 1960 ulitoa mifupa mingi ya ng'ombe. Maboma madogo ya katikati ni suala jingine: huenda kweli yalikuwa makao ya mtawala.

Tarehe nazo zinataka uangalifu. Mkaa uliokutwa kwenye udongo uliojaza handaki, ukipimwa umri wake, huonyesha kwa kawaida wakati lilipokuwa linafukiwa, ila mkaa wa zamani unaweza kuporomoka humo na kupotosha hesabu. Mkaa ulio chini ya tuta la udongo uliotolewa handakini ni wa kabla ya tuta kurundikwa. Anayechanganya hivi viwili hukosea kwa vizazi. Wala kina cha handaki kinachofikia mita 4 si ushahidi wa vita: shimo hilo humzuia hata tembo.