Kwa nini viwanja vya ndege vya mafunzo vilikuwa na njia tatu

Mimi ni mpima ardhi hapa Dodoma, na picha zinazonishika kuliko ramani zote ni zile za angani za viwanja vya mafunzo vya Vita Kuu ya Pili, hasa vya Canada. Unaona pembetatu kabisa, njia tatu za kurukia zimekatana, wakati kiwanja chetu cha mjini kina moja tu, mashariki magharibi.

Sasa tatu za nini? Aliyekaa Dodoma anaujua upepo wa hapa, unatoka mashariki na vumbi lake, kwahiyo njia moja ukiielekeza huko umemaliza kazi. Kule upepo unageukageuka, halafu anayetua ni kijana mwenye masaa machache angani, tena na Tiger Moth, ndege nyepesi yenye tairi la tatu mkiani na uzito uliokaa nyuma ya matairi makubwa, yaani ikipigwa ubavuni mkia unakuja mbele na ndege inajizungusha chini kwa chini. Piga hesabu: njia tatu zikipishana nyuzi 60 unapata pande 6 za kutua, upepo utoke utokako hauachani na mojawapo kwa zaidi ya nyuzi 30, na kwa nyuzi 30 nguvu ya ubavuni ni nusu tu ya upepo wenyewe. Naipenda sana hesabu hii, aliyeipiga alimfikiria mwanafunzi kwanza.

Viwanja hivyo vya Canada vilitokana na mpango wa nchi za Jumuiya ya Madola wa kufundisha watu wa ndege za vita, ulisainiwa Desemba 1939, ukafundisha watu zaidi ya 130,000, marubani, waelekeza njia, warusha mabomu. Vita ikaisha, lami ikabaki. Hapo ndo utamu ulipo. Kiwanja cha Gimli, kule Manitoba, Canada, njia moja iliendelea na ndege ndogo nyingine ikawa ya mbio za magari, na Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliyoishiwa mafuta angani ikaja kutua bila injini kwenye hiyo hiyo ya magari, watu wamepiga kambi na familia zao pembeni, rubani mkuu alielekezwa na msaidizi wake aliyewahi kutumikia jeshi palepale. Wote 69 walipona. Silverstone ya Uingereza, walikojifunzia watu wa ndege za mabomu za Wellington, barabara ya kuzunguka kiwanja ikageuka ya mbio na 1950 Formula 1 ya dunia ikaanzia hapo. Jirani zaidi kuna kiwanja cha mafunzo cha Guinea Fowl, karibu na Gweru, Zimbabwe, ambacho kilikuja kuwa shule.

Ndo maana Msalato, kiwanja kipya cha ndege cha Dodoma, ikitajwa mimi nawaza kile cha zamani cha mjini. Najua watu watataka kikatwe viwanja vya nyumba, Dodoma kila kipande tunapima. Naomba tu kabla ya bikoni ya kwanza, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, kuchimbiwa ile lami iachwe nzima, iwe ya gulio, ya kufundishia udereva, ya helikopta za wagonjwa, yoyote, maana nyumba moja ikishasimama katikati hakuna namna ya kupata tena mnyooko mrefu vile ndani ya mji.